Mpangaji Bubu wa Mama Mektilda

Feza na mumewe Benjamini walishuka kwenye treni ya Kigoma pale stesheni ya Tabora asubuhi moja ya Agosti, vumbi likiwa limetanda, wakiwa na masanduku mawili na sufuria kubwa iliyofungwa ndani ya kitambaa cha kikwembe. Ndoa yao ilikuwa changa. Walikuwa wamefunga pingu za maisha kule Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na harusi ilikuwa haijaisha midomoni mwa watu pale Benjamini alipopata kazi ya kuchomelea vyuma kwenye ujenzi wa reli mpya. Kontrakta mmoja mdogo alikuwa ameiona kazi yake bandarini, akampenda, akamshughulikia vibali.

Mama yake Feza alilia. Babu yake hakulia. Alisema Tabora si ugenini hata kidogo, kwamba wazee wa kwao walikwenda huko zamani na misafara, mizigo kichwani, na wengine walinogewa wasirudi tena. Feza aliyachukua maneno hayo kama mtu anavyochukua mwavuli wakati wa kiangazi.

Walipanga chumba Isevya. Mle mjini zimo familia za Wamanyema ambazo babu zao walitoka upande ule ule alikotoka Feza, lakini wajukuu hao sasa walikuwa watu wa Tabora kabisa, wenye Kiswahili kilichonyooka. Feza naye alikuja akijua kwamba anasema Kiswahili. Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yake kubwa njiani: angalau lugha wanayo. Siku ya pili tu, mama mmoja wa nyumba ile alimuuliza mumewe yuko wapi.

"Bwana yangu iko ku kazi," Feza akajibu.

Yule mama akaangua kicheko. "Iko! Kwani bwana wako ni baiskeli?"

Hakuwa na nia mbaya. Alilirudia neno lile kwa jirani kwa sababu lilimfurahisha, jirani akalipeleka dukani, na kabla ya wiki kwisha watoto wa mtaa walikuwa wakimwita Feza "Mama Iko". Akisema sombe, wanamsahihisha: kisamvu. Akimwamkia mzee kwa "yambo, mama", mzee anageuza uso, maana hakuna aliyemwambia kwamba huku mkubwa hupewa shikamoo kwanza, mengine baadaye. Mambo yenyewe yalikuwa madogo. Lakini kila asubuhi alipofungua mlango aliyakuta yakimngoja, na kila siku alisema maneno machache kuliko jana.

Benjamini hakuipata shida hiyo. Yeye ni mtu wa watu. Kwenye kambi ya ujenzi alijifunza "mambo", "poa" na "freshi" ndani ya siku chache, na akisema vibaya alicheka kabla wenzake hawajacheka. Alidhani mkewe amechoka tu na safari.

Mvua za kwanza zilipokaribia, kazi ya Benjamini ilihamia upande wa mashariki, wakaona wahamie Kigwa, kijiji kilicho kwenye reli ya zamani. Walipata vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mjane mmoja mkulima wa tumbaku, Mama Mektilda, aliyeishi na mwanawe Marko na mke wa Marko, Adelina. Siku ya kuhamia, Feza alikuwa na mafua makali. Sauti ilikuwa imekauka kabisa; hata Benjamini alikuwa anaongea naye kwa kumtazama midomo.

Benjamini alishusha mizigo, akaomba maji ya kunywa, akakimbilia lori la kambini lililokuwa likimpigia honi. Mama Mektilda akabaki na mgeni wake uani.

"Karibu, mwanangu. Za safari?"

Feza alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajishika koo, akatikisa kichwa.

"Husemi?"

Akatikisa kichwa tena.

Mama Mektilda alimtazama kwa huruma, akaingia jikoni, na huko Feza akamsikia akimwambia mkwewe, "Maskini, bubu. Na sura yote ile." Halafu, kwa vile alikuwa mwanamke wa kuhakikisha mambo, alitoka na mfuniko wa sufuria akauangusha nyuma ya Feza. Feza akaruka. "Anasikia," Mama Mektilda akatangaza, na suala hilo likawa limekwisha.

Mafua yalipona siku chache baadaye. Asubuhi ile sauti iliporudi, Feza alikaa kitandani akaijaribu kwa kunong'ona, akasikia kwamba ni nzima. Nje Adelina alikuwa anafagia uwanja. Ilikuwa ni kutoka tu na kusema neno moja. Akatoka. Adelina akampungia mkono, akamwonyesha kwa vidole kwamba chai ipo, akamtabasamia. Hakuna aliyecheka. Feza akapunga mkono naye, akaenda kuchukua chai.

Ndivyo ilivyoanza, na baada ya hapo kila siku iliyopita iliifanya siku ya kusema kuwa ngumu zaidi.

Ububu, alikuja kugundua, una raha zake. Kwenye bomba wanawake walimpisha. Mwenye duka alimpimia bila kumharakisha. Alipopita mbele ya wazee alipiga goti kidogo tu, na goti likatosha badala ya salamu zote. Jumapili aliingia kanisani na familia ya Mama Mektilda, na katikati ya wiki akaenda nao kwenye sala za jumuiya. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Paskazia, mwanamke mwenye sauti ya kengele, alimweka katikati na kumwombea kwa jina: Bwana amfungue kinywa binti huyu kama alivyowafungua wengine. Feza aliinamisha kichwa, masikio yakimwaka moto. Sala haikumtesa kama nyimbo. Walipoimba, alizijua karibu zote. Kwao ameimba kwaya tangu utotoni. Alifunga midomo, akaacha kidole gumba cha mguu kiende na mapigo ndani ya kandambili.

Benjamini alirudi nyumbani kila Jumamosi. Ndani, mlango ukiwa umefungwa, walizungumza Kibembe, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, na hilo mwanzoni lilikuwa tamu, kama bado ni wachumba wanaoibiana maneno. Kisha siku moja alirudi amekunja uso.

"Leo mtu wa stoo amenipa pole," alisema. "Pole ya mke bubu. Nikamwambia mke wangu mbona anasema sana. Akanishika bega. Akafikiri najifariji."

Feza akaendelea kukaanga dagaa.

"Ni kweli, Feza? Hapa husemi?"

"Hapa hawanicheki."

"Wakijua watakucheka kuliko kule."

"Kwa hiyo wasijue."

Benjamini hakuwa mtu wa ugomvi. Alichukua sahani yake. "Haya," alisema. "Nimeoa bubu. Lakini mimi siwezi kudanganya kwa mdomo wangu. Wakiniuliza, nitasema ukweli." Hakuna aliyemuuliza. Watu wa Kigwa waliona ni utovu wa adabu kumuuliza mwanamume kuhusu kilema cha mkewe.

Masika yalishika. Tumbaku ya Mama Mektilda ilikua vizuri, na ulipofika wakati wa kuchuma, Feza alijitolea kusaidia. Yeye na Adelina walikaa chini ya kibanda cha nyasi mchana kutwa, wakifunga majani mabichi kwenye fito, mikono ikinata utomvu mweusi. Kazi ile haiendi bila maneno, na mwenye maneno alikuwa mmoja. Adelina alimweleza habari za kwao Goweko, za dada zake, za Marko alivyomposa. Na siku moja, bila kuinua macho kwenye fito, alisema:

"Kwa kuwa wewe husemi, dada, wewe nitakwambia."

Mwaka uliopita alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Nesi wa zahanati alimshauri apumzike, mwili urudi, akamwekea kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Marko alijua. Mama Mektilda hakujua. Kila Jumapili mama mkwe aliwasha mshumaa mbele ya Bikira Maria akiomba mjukuu, na Adelina akapiga magoti kando yake na kijiti chake chini ya ngozi.

"Si kwamba sitaki," Adelina alisema. "Naogopa. Nikimwambia, atasema nimeua ukoo. Nisipomwambia, kila mwezi ananitazama tumbo." Akavuta kamba kwa meno. "Gusa. Hiki hapa."

Feza alikigusa kwa ncha ya kidole, kitu chembamba kama unyasi. Akamshika Adelina mkono, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya. Usiku ule alilala vibaya. Kubeba siri kwa mtu aliyeambiwa kwa sababu anaaminiwa ni jambo moja. Yeye alikuwa ameambiwa kwa sababu ya uongo.

Moto ulitokea wiki iliyofuata, mchana.

Bani la kukaushia tumbaku lilikuwa nyuma ya uwanja, kuta za udongo, paa la nyasi, na ndani yake bomba la bati linalosambaza joto kutoka kwenye tanuri. Marko alikuwa ameondoka kwenda kuleta magogo. Ilikuwa mwanzo wa kukausha, joto bado la kuvumilika, na Adelina aliingia kutazama rangi ya majani. Feza alikuwa kivulini anatwanga kisamvu. Alipoinua macho aliona moshi ukitoka pale usipostahili kutoka, juu, kwenye kingo za nyasi, kisha ulimi mmoja mwekundu ukalamba paa na kuanza kutembea.

Mchi ukamdondoka.

"Adelina! Toka! Toka inje! Bani inaungua! Moto iko juu yako! Kuya, kuya inje!"

Sauti ile ilifika hadi barabarani. Adelina alitoka kwa magoti, nywele zikinuka, na paa likaanguka nyuma yake nusu nzima. Watu wakaja mbio na ndoo, na majembe ya kutupia mchanga, na matawi mabichi. Tumbaku ya bani lile ikateketea. Nyumba ikapona, jiko likapona, na Adelina akakaa chini uwanjani akikohoa, mama mkwe wake akimpapasa kichwa, mabega, mikono, kama anayetafuta kama kuna kilichopungua.

Moto ulipokwisha ndipo watu walipokumbuka.

"Nani aliyepiga kelele?" akauliza Marko, aliyekuwa amerudi mbio alipoona moshi.

"Mpangaji wenu," mtu akajibu. "Yule bubu."

Mama Paskazia, aliyekuwa amelowa maji kifuani, akaiachia ndoo. Akapiga magoti palepale kwenye tope. "Mungu mkubwa! Si tulimwombea? Si tulimwombea jamani? Bubu kasema!" Vigelegele vikapasuka. Mwanamke mmoja akaanza wimbo wa shukrani. Mtu akasema padre aitwe, mwingine akasema litangazwe Jumapili.

Feza alisimama katikati yao. Mlango ulikuwa wazi mbele yake: angetulia tu, na angekuwa muujiza wa Kigwa hadi kufa kwake. Alimwona Mama Mektilda peke yake haimbi. Alikuwa anamtazama.

"Hapana, mama," Feza akasema. Ilibidi arudie, maana nyimbo zilikuwa juu. "Hapana. Miye si bubu. Sijakuwa bubu hata siku moja. Nilikuwa nasikia haya tu, juu ya batu banacheka masemi yangu."

Wimbo ukafa mstari mmoja baada ya mwingine. Mama Paskazia alibaki magotini kidogo, kisha akanyanyuka, akafuta tope kwenye kanga yake, akachukua ndoo.

"Kwa hiyo miezi yote hii," alisema, "tulikuwa tunamchosha Mungu bure."

Lililofuata Feza hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kuchekwa, na hawakumcheka. Kwenye bomba mazungumzo yalikatika alipofika. Kila mwanamke alikumbuka aliyoyasema mbele yake: nani alimteta wifi yake, nani alimsimulia mwenzake ugomvi wa chumbani, nani alidokeza mtoto fulani si wa fulani. Alikuwa amekaa kati yao kama kinu, nao walikuwa wamemimina. Hakuna aliyemtukana. Walimjibu salamu, shikamoo kwa marahaba, wakachukua maji yao wakaondoka.

Adelina alikuja jioni ya siku ya tatu, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Umeniokoa, nashukuru," alisema. "Lakini umenisikia."

"Nimekusikia."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna. Hata Benjamini hajui."

Adelina alimtazama kama anayepima unga kwa macho. "Ungeniambia, dada," alisema. "Siku ile nilipoanza, ungeniambia tu, 'Nyamaza, mimi nasema.'" Akaenda zake.

Jumamosi Benjamini alifika, habari ikiwa imemtangulia kambini. Alicheka hadi akashika ukuta, halafu akamwona mkewe hacheki, akaacha. Alisema watahama; kuna vyumba Tabora mjini, yeye atakuwa anapanda lori.

"Tukihama," Feza akasema, "kule nako nitaanza na nini?"

Benjamini akaacha habari ya kuhama. Kesho yake, badala ya kupumzika, alivua shati, akaenda kumsaidia Marko kupandisha kuta za bani na kuunganisha bomba jipya la bati. Kazi ya chuma aliijua. Maungio yake hayakuonekana mshono, na Marko alimwita jirani mmoja baada ya mwingine waje kuangalia.

Mama Mektilda mwenyewe alimwita Feza siku walipokuwa peke yao, uwanja mtupu, kuku tu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Akamwonyesha mkeka.

"Nimefikiri sana," alianza. "Wewe umekaa na mkwe wangu kwenye fito siku nyingi. Ninyi wawili tu. Na yeye anajua kuongea. Mimi ananiogopa, nalijua hilo. Kuna kitu ananificha. Alikuambia nini?"

Feza alijua kwamba chumba chake ni cha mama huyu, na ardhi anayokanyaga ni yake, na kwamba hapa Kigwa hakuna mwingine wa kumtetea.

"Mama, wakati ule nilikuwa bubu," alisema. "Bubu hana cha kusema."

Mama Mektilda aliacha kuchambua. Feza akangoja hasira. Yule mama alitoa sauti puani, ambayo huenda ilikuwa kicheko na huenda haikuwa.

"Haya," alisema. "Basi hata mimi nikikuambia langu, halitafika kwake?"

"Halitafika, mama."

"Nilizika wawili kabla ya Marko." Alisema bila kubadili sauti, akitupa kipande kibovu kwa kuku. "Wa kwanza siku ile ile. Wa pili alikaa hadi akaanza kunijua. Nikapata homa ya kuogopa tumbo langu mwenyewe. Mama mkwe wangu alinisema kijiji kizima kikasikia. Sikutaka kuwa kama yeye. Sasa sijui nikoje." Akachukua konzi nyingine ya michembe. "Unaona, nimekuambia, na jua halijaanguka."

"Mama, hilo mwambie yeye."

"Wewe humwambii?"

"Mimi hapana. Umwambie mwenyewe."

Haikuwa siku ile, wala wiki ile. Lakini asubuhi moja ya kuelekea kiangazi, Feza aliwaona wawili hao wakienda shambani pamoja, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya. Walirudi jua likiwa juu. Macho ya Adelina yalikuwa yamevimba, na majembe yote mawili alikuwa amebeba Mama Mektilda. Jumapili iliyofuata mshumaa uliwashwa kama kawaida. Walichoombea hawakumwambia mtu.

Kwenye bomba mambo yalilegea polepole. Wanawake walingoja siri zao zitoke, na zikawa hazitoki. Mwezi ukapita, na mwingine. Ilikuwa Mama Paskazia aliyevunja kimya, kwa namna yake. Alimkuta Feza akijaza ndoo, akasimama mbele yake na kusema kwa ile sauti ya kengele kwamba kwaya imepungukiwa sauti ya kwanza, na kwa kuwa Mungu amekwisha kusumbuliwa kwa ajili ya koo hilo, basi lisikae bure. Mazoezi ni Alhamisi. Feza akaenda. Walimcheka alipotamka baadhi ya maneno ya wimbo kwa lafudhi ya Kongo, na mara ya kwanza alifunga mdomo kama kule Isevya. Mara ya pili alimuuliza aliyecheka linatamkwaje, akaambiwa, akalitamka. Mengine hakuyabadilisha kamwe. Hadi leo mumewe iko kazini, na wanakwaya wawili wameanza kusema hivyo bila kujijua.

Kontrakta alipomaliza kipande chake, Benjamini alipewa nafasi kwenye kipande kingine, kile cha magharibi cha kwenda Kigoma. Kambi ingekuwa mbali, na angekuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Walijadiliana kwa jioni kadhaa, sasa bila kunong'ona. Kuhamia huko kungemsogeza Feza karibu na ziwa, karibu na mama yake. Alifikiri, akasema atabaki Kigwa, angalau msimu mmoja. Hakutoa sababu nyingi. Alisema ameahidiwa kipande cha shamba na anataka kuona kama ardhi hii itamkubali.

Kipande kile Mama Mektilda alikikata upande wa chini, penye udongo wa kichanga, akasema ni cha karanga. Siku ya kulima, mvua za kwanza zikiwa zimeanza na kabla Benjamini hajaondoka, wote walikwenda. Benjamini alikulia kwenye mitumbwi na baadaye kwenye vyuma. Jembe alilishika kama nondo. Tuta lake la kwanza lilipinda kuelekea kwa jirani.

"Baba, unalima kwenda wapi?" Mama Mektilda akauliza.

"Mama, nafuata udongo ulipo laini."

"Udongo haufuatwi. Lete hapa." Akamnyang'anya jembe, akajifunga kanga kiunoni, akapiga tuta moja lililonyooka hadi mwisho wa kipande, akarudi akihema, akampa. Kisha akamgeukia Feza aliyekuwa amepakata ungo wa mbegu.

"Punje mbili kila shimo," alisema. "Usizidishe. Na ukiona kunguru, usiwaonee haya, piga kelele."